Losheni ni ya dada, ngozi ni yangu

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitokee, huku Mbeya tunajuana. Nina miaka 28, ni fundi cherehani, naishi Uyole na binti yangu wa miezi 5. Baba yake ni dereva wa malori ya Dar na Tunduma, nyumbani namwona siku mbili tatu kwa mwezi. Hatuna ugomvi. Nimeanza na hilo usije ukadhani ni kesi ya mchepuko.

Kesi yangu ni losheni.

Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Dada alikuwa kidato cha pili. Akaacha shule, akauza ndizi za Tukuyu barabarani, akaingia kwenye mitumba, mpaka akapata kibanda cha vipodozi Mwanjelwa. Cherehani yangu ya kwanza alininunulia yeye, na sasa anamlipia mdogo wetu wa kiume ada ya chuo Iringa. Ukiniuliza mama yangu nani, nitakuonyesha dada.

Kinacholeta hela pale kibandani ni mkorogo. Anaukoroga usiku nyumbani kwake, kwenye beseni. Anamimina losheni ya kawaida ya kopo kubwa, anakamulia tyubu za dawa ya ngozi, nyingi tu, anaongeza krimu ya kikopo kidogo kisicho na maandishi anacholetewa kutoka mpakani, na matone ya kichupa. Anachanganya kwa mkono ili mabonge yaishe. Kopo moja elfu 15. Mara nyingi nimemsaidia kujaza, redio inaimba, tunacheka.

Mimi nilianza kupaka mwaka wa pili wa ndoa yangu. Wateja walikuwa wanamtania dada: "Mbona mdogo wako mweusi, au losheni yako haichapi kazi?" Basi akanipa. Baada ya miezi michache nilitakata kweli, nikawa tangazo lake. Mteja akisitasita anaambiwa, "Mwone huyu, tumbo moja." Mume wangu naye akaanza kuniita cheupe.

Sasa ni mwaka wa tatu. Vidole vimeota sugu nyeusi, mashavuni nina vidoti vya rangi ya bluu iliyokolea kama punje za ulezi, mapajani nina michirizi, na kifuani fangasi haziishi, kila zikipona zinarudi kubwa zaidi. Uso fanta, vidole koka, kama wanavyosema. Mwezi wa sita nilijaribu kuacha. Nilifika siku 9. Uso ulivimba, ukawaka kama nimepakwa pilipili, usingizi hakuna. Dada akasema, "Ngozi imezoea kula, ukiinyima inalia. Paka." Nikapaka, baada ya siku mbili ikatulia.

Kliniki ya mtoto nesi alinishika mkono, akaniuliza, "Mama, unapaka nini?" Nikamjibu mafuta ya mgando. Mtoto analala kifuani kwangu kila usiku kwa hii baridi. Dada mwenyewe alishaniambia, "Hii usimpake mtoto, ni ya watu wazima."

Jumamosi huwa namshikia dada kibanda. Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja kutoka Mbalizi na binti yake wa kidato cha pili. Alitaka mtoto atakate kabla ya sendofu ya shangazi yake. Nilimuuzia. Nikapokea elfu 15, nikaandika na namba yake ya simu kwa ajili ya kopo la pili. Yule binti alifungua kopo akanusa, akatabasamu. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Dada ana mkopo wa kikoba, aliuchukulia mzigo, unaisha Desemba. Nikiacha kupaka, nitababuka mbele ya wateja wake wote. Nikisema, nitakuwa nimekitia mchanga kitumbua kilichonilea. Na mume wangu, Shangazi, yeye ameoa cheupe. Kwenye kabini ya lori amebandika picha yetu ya harusi, mle nilikuwa mweusi wangu; nimemwomba aitoe mara ngapi, anacheka tu.

Je, niache? Nimwambie dada? Au nivumilie mpaka Desemba?

Mwenye ngozi mbili, Uyole

*

Marahaba mwanangu. Na ndaga fijo kwa kuniamini, maana barua kama hii haiandikwi kwa usiku mmoja.

Umeniuliza maswali matatu, lakini mimi nimehesabu mambo manne. Kuna mwili wako, kuna mtoto, kuna dada na deni lake. La nne umelificha katikati ya barua kama mtu anayepitisha mzigo chini ya kanga: yule binti wa Mbalizi. Nitafika kwake, usiwe na wasiwasi.

Mimi si daktari, na lililomo kwenye beseni la dada yako silioni kutoka hapa nilipo. Lakini dalili ulizoandika zinafahamika sana kwa watu wa ngozi. Zile tyubu "za dawa" kwa kawaida ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, na inayopendwa zaidi na wakorogaji ni klobetasoli. Yenyewe ni dawa halali, tena ya heshima. Mtu mwenye pumu ya ngozi au soriasisi anaandikiwa, inampa nafuu. Ila ni kali kupita ndugu zake wote: nguvu yake ni asilimia 0.05 tu na inatosha, hutumika kwa wiki mbili hivi mfululizo, haizidi gramu 50 kwa wiki, na usoni haipakwi hovyo. Wewe umeipaka mwili mzima kwa karibu miaka mitatu, kila siku, bila kujua umepaka kiasi gani, kwa sababu beseni halina kipimo.

Hapo ndipo michirizi ilipotoka. Steroidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Fangasi nazo zinapenda sana hali hiyo: dawa inatuliza muwasho na wekundu, unadhani umepona, kumbe chini yake zinatanuka kwa raha zao. Vile vidoti vya mashavuni vinanifanya nifikirie haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo ikipakwa miaka na jua likiwaka juu yake, inaweza kugeuka na kuweka weusi wa bluu palepale ulipotaka weupe.

Na zile siku 9? Dada yako alipatia nusu. Ngozi imezoea kweli. Mishipa midogo iliyobanwa muda mrefu na steroidi, ikiachiwa kwa ghafla, inafunguka yote kwa pamoja: ndiyo ule uvimbe, ndiyo ile pilipili. Nusu aliyokosea ni neno lake la mwisho, "paka". Utulivu ulioupata ni ule wa mlevi anayetibu hangova kwa chupa nyingine. Lakini pia sitaki usome haya kisha kesho asubuhi ukatupe kopo chooni. Steroidi nyingi ya namna hii hupenya hadi kwenye damu, na zile tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, ambazo kazi yake ni kuitengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinaweza kuwa zimelala. Ukikata ghafla unaweza kupata udhaifu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, presha kushuka. Hizo zikikutokea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ndiyo maana swali lako la kwanza, "niache?", ningependa uligeuze liwe "nitashuka vipi, na nani akiwa ameshika ngazi?" Mtaalamu anaweza kukupunguzia kidogokidogo, akatibu na fangasi kwa dawa yake halisi.

Kinachonitia hofu zaidi ya hizo tyubu ni kile kikopo kisicho na maandishi. Krimu za kung'arisha zisizo na asili mara nyingine huwa na zebaki. Mtu wa Mbeya haina haja nimfafanulie zebaki ni nini, ni ileile wachimbaji wadogo wa Chunya wanayonasia dhahabu. Kwenye krimu haiwi ya majimaji, huwekwa chumvi zake, kwa hiyo huioni wala huinusi. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na haibaki kwa aliyepaka tu. Inakwenda na taulo, na shuka, na mkono uliomshika mtoto. Dunia imeiona hatari hiyo kiasi kwamba mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliokuwa ukivumilia chembe isiyozidi sehemu moja kwa milioni, umekaza: baada ya mwaka 2025 kipodozi kilichotiwa zebaki hakitakiwi kutengenezwa wala kuvushwa mpaka kabisa. Sisemi kikopo cha dada kina zebaki. Nasema si wewe wala yeye mnaoweza kuapa kwamba hakina.

Sasa mtoto. Najua ukisoma hapo juu utataka kumwachisha ziwa leo. Subiri. Maziwa yako ni chakula chake na kinga yake, na uamuzi wa kuyagusa ufanye na mhudumu anayejua ukweli wote, ambaye anaweza hata kupima mkojo na damu yenu. Kuanzia usiku wa leo kuna vitu vidogo visivyohitaji ruhusa ya mtu. Kifua na matiti yasiguswe na hiyo losheni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba, mtengee taulo lake, na anapolala kifuani iwepo kanga safi kati yenu.

Yule nesi aliyekushika mkono, mwanangu, hakuwa anakupeleleza. Ameona vidole vya namna hiyo vingi. Mrudie. Unaweza kuanza na sentensi moja tu: "Siku ile sikukwambia kweli." Beba kopo, beba na tyubu moja tupu ukiweza, hata kama vinakuaibisha, vitamsaidia kuliko maelezo ya dakika 20. Kituo cha afya kitakuandikia rufaa kwenda kwa watu wa ngozi. Siku hizi hawa si ndege adimu kama zamani zetu, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992.

Naomba sasa tuongee kuhusu baba mtoto, maana hapo barua yako inajipinga yenyewe. Umeandika "ameoa cheupe". Mistari michache juu yake umeandika ulianza kupaka mwaka wa pili wa ndoa. Huyu bwana alimposa nani? Alimvalisha pete nani? Na katika kabini ile anamolala usiku wa Mikumi na wa Makambako, anaamka akimtazama nani? Umemwomba aitoe, amekataa kwa kucheka. Simjui, huenda kweli ameipenda rangi mpya, wanaume nao wanasikiliza vijiwe. Lakini "cheupe" ni jina alilokupa baada ya kuona umebadilika, na sijaona mahali popote ulipomuuliza kama weupe ndio alioutaka. Hofu hiyo inaweza kuwa ya wateja wa kibandani, wewe ukamvisha yeye.

Sitakudanganya kuhusu kipindi kinachokuja. Utababuka. Kuna wiki za kujifunga mtandio, na wekundu unaweza kuja na kuondoka kwa miezi. Rangi yako itarudi kwa viraka, na vile vidoti vya mashavuni vinaweza visiishe vyote. Ni bora mumeo ayasikie hayo kutoka kwako kwenye simu kabla hajafika, kuliko afungue mlango akutane nayo. Jua pia usilidharau. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu miale ni mikali hata siku ambayo meno yanagongana kwa baridi. Kofia pana, mwavuli, na mafuta ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, ukiyamudu.

Dada.

Hapa nilikaa na kalamu muda mrefu. Unaogopa kukitia mchanga kitumbua, na hofu hiyo ni ya adabu, siwezi kuicheka. Ila hebu tuangalie njia ya mwisho uliyoitaja, ya kunyamaza hadi Desemba. Inaonekana ni ya upole. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na zebaki, haidrokwinoni na steroidi zote haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa kwetu. Wakaguzi wakipita Mwanjelwa mwezi wa kumi, mzigo unakwenda na mkopo unabaki. Kwa hiyo ukimya wako haumkingi na hilo unalomhofia. Nao una gharama nyingine: ni vikopo vingapi hapo katikati, na Jumamosi ngapi wewe ukiwa kaunta?

Unaweza kumwambia yote kwa mkupuo, kama ulivyoniambia mimi. Ni njia safi. Hatari yake ni kwamba mtu aliyeacha shule ili ule anaweza asisikie neno "steroidi", akasikia "wewe umeniharibu", na mlango ukafungwa. Unaweza kumpitia mdogo wenu wa Iringa, lakini dada anayelipa ada akishauriwa na anayelipiwa, sijui, kuna nyumba inawezekana na kuna nyumba ni matusi. Wewe unaijua yenu.

Kuna pia njia ya kumpelekea ugonjwa wako badala ya kosa lake: "Dada, nisindikize hospitali, naogopa." Wewe ni mtoto wake, ataacha kibanda aje. Halafu yale ambayo ungeogopa kuyasema wewe, ayasikie kwa mwenye koti jeupe. Lakini hata hiyo ina shimo lake. Anaweza kukusindikiza, akalia na wewe, na usiku beseni likarudi mezani, kwa sababu kikoba hakipokei machozi.

Nikupe kitu kimoja ulichokiandika bila kukipima. Alikwambia, "Hii usimpake mtoto." Mtu hasemi hivyo kuhusu kitu anachoamini hakina neno. Kuna sehemu yake inajua, au inashuku, na huenda imechoka kubeba peke yake. Halafu ni yeye anayechanganya kwa mkono mtupu, miaka yote hiyo. Umeandika kuhusu vidole vyako. Vya kwake vikoje? Pengine mazungumzo yenu yanaanzia pale, kwenye mikono yake, na ndani ya beseni mtafika baadaye.

Kuhusu biashara, faida itapungua akiacha mkorogo, asikudanganye mtu. Kopo la mgando halileti elfu 15. Ila alichokijenga yeye pale ni wateja wanaomwamini, na mji wetu huu ngozi zinapasuka tangu mwezi wa tano hadi wa nane: mgando, gliserini, mafuta ya alizeti, ya nazi, na sasa ya parachichi, ambayo Rungwe na Njombe tunayo hadi yanaoza chini ya miti. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, wanafundisha wasindikaji wadogo, na ofisi yao haiko mbali na anapouzia. Kama anaweza kuhamisha robo ya meza kabla ya Desemba, au nusu, au asiweze kabisa, hesabu hiyo ni ya kukaa naye na daftari lake. Mimi nikiifanya kutoka hapa nitakuwa napiga porojo.

Na binti wa Mbalizi. Ulimuuzia wewe, siyo dada. Nalisema taratibu kwa sababu tayari linakunyima usingizi, na sidhani unahitaji kuongezewa. Ila namba ya mama yake unayo. Ukimpigia, anaweza kukutukana, anaweza kudai hela yake, anaweza kumtangaza dada yako soko zima kabla hujaongea naye. Hayo yote yanawezekana. Na usipopiga, atarudi kwa kopo la pili. Ninachokijua ni kwamba ngozi ya wiki tatu hurudi kwa urahisi kuliko ya miaka mitatu, na wewe unaielezea hiyo tofauti vizuri kuliko daktari yeyote, maana unaivaa. Ukipiga, mwambie naye asimkatishe mtoto bila kuonana na mhudumu, hasa kama amekuwa akimpaka mwili mzima.

Sijui utaanza na lipi. Mwingine angeanza na nesi kwa sababu hamjui sana, na aibu mbele ya mgeni ni nyepesi. Mwingine angeanza na simu ya lori. Niandikie ukishaanza, hata kama limeharibika, hasa kama limeharibika.

Sisi kule Tukuyu tulilelewa na kopo moja la mgando nyumba nzima, bibi analipasha karibu na moto ili lilainike, anatupaka mmoja mmoja kwa foleni hadi tunang'aa kama sufuria. Usiku huu ukimpaka binti yako lake, usirudishe kifuniko haraka. Jaribu kidogo mgongoni mwa mkono wako, pale pasipo na kidonda, uone unavyojisikia.